Keki ya limau na mboga za bustani: imegoma wapi?

Keki ya limau yenye karoti au zukini ndani ina maji mengi kuliko inavyoonekana kwenye bakuli. Zukini ni maji kwa karibu asilimia 95, boga haliko mbali na hapo, na hata karoti, pamoja na ugumu wake wote, ina maji kama asilimia 88. Ongeza maji ya limau, ongeza mayai, halafu uoke Dar es Salaam, ambako mwezi wa Machi hata hewa yenyewe ungeweza kuikamua. Ndiyo maana keki ya namna hii ikigoma, mimi huuliza kwanza maji yametoka wapi na yamekwenda wapi, habari za unga na oveni baadaye. Wengi hufanya kinyume. Keki ikitoka nzito, safari ijayo wanazidisha beking pauda. Ikitoka mbichi, wanazidisha unga. Tatizo moja linazaa mawili.

Ili twende pamoja, keki ninayoizungumzia ina vipimo hivi: unga wa ngano gramu 250 (vikombe viwili), sukari gramu 180, mayai matatu, mafuta ya alizeti nusu kikombe, mboga iliyokwanguliwa gramu 250, ganda la juu la malimau mawili, maji ya limau vijiko vikubwa vitatu, beking pauda vijiko viwili vya chai, beking soda robo kijiko cha chai na chumvi nusu kijiko cha chai. Tini ni ile ya mkate, sentimita 23 kwa 13, na mchanganyiko usizidi theluthi mbili ya kina chake. Joto nyuzi 170, saa moja hivi. Ndimu unaihesabu kama limau. Chungwa lina hesabu yake, tutalifikia.

Juu imeungua, katikati bado mbichi

Hili ndilo linalowasumbua wengi, na mara nyingi lina sababu mbili zinazosaidiana: maji ya mboga na moto usiokaa sawa.

Tuanze na maji. Zukini ikishakwanguliwa, inyunyizie ile chumvi nusu kijiko ya kwenye vipimo (usiongeze nyingine baadaye), iache kwenye chujio dakika 15 hadi 20, kisha ikamue kwa kitambaa safi. Kile unachochujia tui la nazi kinafaa kabisa, mradi hakinuki nazi ya juzi. Gramu 250 zitakutolea robo kikombe cha maji, pengine zaidi. Robo kikombe si kitu kidogo: ni zaidi ya maji yote ya limau uliyopima kwa uangalifu kwa kijiko. Bana fungu moja mkononi. Likidondosha hata tone, rudia kukamua.

Zukini za bustani ya nyumbani zina vituko vyake. Ukichelewa kuichuma siku chache inakuwa na ukubwa wa mchi wa kinu, na mtu anaona fahari kuitumia yote. Ipasue katikati, komba mbegu na ule ute laini kwa kijiko, utupe kwa kuku. Nyama iliyo karibu na ganda ndiyo ya keki.

Karoti haidai kukamuliwa. Inachodai ni haraka: ikishakwanguliwa iingie kwenye mchanganyiko mara moja, maana ikikaa pamoja na sukari inaanza kuachia maji na bakuli linalegea ukiwa unaliangalia. Boga ni habari nyingine. Ukilichemsha ndani ya maji, umeshaharibu. Lipike kwa mvuke au liokwe, lipondwe, halafu lirudishe kwenye sufuria kavu juu ya moto mdogo, ukikoroga mpaka mwiko ukipita uache njia chini ya sufuria isiyofunga papo hapo. Kisha lipoe kabisa kabla halijakutana na mayai. Tango halimo kwenye mjadala huu. Kaa nalo kwenye kachumbari.

Sasa moto. Vioveni vya mezani vina koili karibu sana na kichwa cha keki. Shusha waya mpaka ngazi ya chini, na dakika ya 40, juu ikishapata rangi, ifunike kwa karatasi ya foili bila kuibana. Kama umeme ni mdogo kwenu jioni, fahamu kwamba hasara ni kubwa kuliko namba inavyoonyesha. Umeme wetu wa nyumbani ni wa volti 230. Ukishuka hadi 200, koili haipotezi asilimia 13 ya nguvu. Inapoteza karibu robo nzima, kwa sababu nguvu hushuka kwa mraba wa volti. Oveni kubwa yenye kidhibiti joto kizuri hufidia kwa kukaa imewaka muda mrefu. Kioveni kidogo kinashindwa tu, na "saa moja" ya kwenye maelekezo inakuwa dakika 80. Kipimajoto cha kuning'iniza ndani ya oveni hakina bei ya kutisha, na kitakusaidia zaidi ya kununua tini ya tatu.

Wanaooka kwa mkaa wana kosa moja linalojirudia: moto mwingi chini. Makaa mengi yakae juu ya mfuniko, chini yabaki machache yaliyokwisha kufanya majivu. Sufuria kubwa iwe na mchanga mkavu chini, ipashwe kwanza dakika kumi na tano, ndipo tini iingie. Keki yenye mboga ikianza kwenye sufuria baridi, mboga inaachia maji kabla mayai na unga havijaanza kushikana, na hapo hakuna wa kuiokoa.

Halafu kuna suala la kijiti. Keki hii inadanganya, kwa sababu kijiti kinaweza kupita kwenye kipande cha zukini kikatoka na unyevu ilhali keki imeiva. Choma sehemu tatu. Unyevu mwepesi wa mboga haushiki vidoleni. Mchanganyiko mbichi unanata kama gundi. Mwenye kipimajoto cha kuchoma asubiri nyuzi 96 katikati, abishane na mtu mwingine.

Iliumuka vizuri, kisha ikadidimia

Ikididimia ndani ya oveni, beking pauda imezidi au umefungua mlango mapema. Kabla ya dakika ya 35 usifungue hata kidogo. Kioo kikiwa kichafu, kisafishe kesho.

Ikididimia baada ya kutoka, haikuiva katikati. Rudi juu.

Ila kuna sababu ya tatu isiyotajwa sana. Maji ya limau yakikutana na beking soda hayasubiri oveni. Gesi inaanza kutoka palepale kwenye bakuli, na vipovu unaviona. Kama umechanganya kila kitu halafu mkaa haujakolea, au umeme ukakatika ukakaa kusubiri urudi, gesi ile imekwenda zake. Utaratibu unaosaidia: unga, beking pauda na soda vichekechwe pamoja na vikae bakuli lao, mayai, sukari, mafuta na maji ya limau vikae lao, mboga kwenye chujio. Viunganishwe moto ukishakuwa tayari, si kabla. Umeme ukikatika katikati ya kazi, hujapoteza kitu isipokuwa zukini itazidi kukauka, na hiyo ni faida.

Haikuumuka kabisa

Kwanza uliza resipi imetoka wapi. Dada yako wa Mbeya anaoka kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi, wa Arusha kwenye 1,400. Huko shinikizo la hewa ni dogo, gesi hupanuka kirahisi, kwa hiyo waokaji wanaojua kazi yao hupunguza beking pauda na kuongeza kioevu kidogo. Ukiileta resipi ile ile usawa wa bahari unapata keki fupi yenye maji mengi. Hakukuficha siri, mlima ndio uliokuwa unamsaidia.

Kama resipi ni ya hapa hapa, shuku beking pauda. Unyevu wa pwani unaiua taratibu, hasa ile ya kupimiwa dukani kutoka kopo kubwa linalofunguliwa na kufungwa kutwa nzima. Tia kijiko cha chai kwenye maji ya moto, nusu kikombe. Ichemke kwa fujo. Ikinung'unika tu, itupe. Beking soda ijaribu kwa matone ya ndimu. Na magadi ya kuchemshia kunde yasiingie hapa hata kama yanatoa povu, maana ni makali zaidi na ladha yake haijifichi.

Chini kuna tabaka zito, kama ugali uliolala

Kama tabaka limejaa mboga, ulikwangua vipande vikubwa, vikazama. Tumia upande wa matundu ya kati wa kikwangulio. Matundu madogo kabisa nayo hayafai, kwani yanageuza karoti kuwa uji.

Kama tabaka halina mboga bali linang'aa kwa mafuta, swali ni kama ulitumia siagi. Siagi husagika vizuri na sukari ikiwa na nyuzi 18 hadi 21. Jiko la Dar mchana lina 30 na ushee. Yale maelekezo ya "toa siagi kwenye friji saa mbili kabla" yaliandikwa na mtu anayevaa sweta. Hapa dakika kumi zinatosha, na ikishaanza kung'aa imeshapita. Ndiyo sababu vipimo vyangu vina mafuta: kwenye keki ya mboga sioni siagi inaongeza nini kinacholingana na usumbufu wake.

Na kama keki ilikuwa nzuri ilipotoka lakini chini ikawa mbichi saa moja baadaye, iliachwa ndani ya tini. Mvuke haukuwa na pa kwenda. Dakika kumi za kutulia, kisha itoe iwekwe juu ya waya.

Ina uchungu

Uchungu wa keki ya limau unatoka sehemu tatu. Ya kwanza ni ile nyeupe ya ganda. Mafuta yenye harufu yamo kwenye ngozi ya juu pekee, yenye rangi. Chini yake ni uchungu mtupu. Pitisha limau kwenye kikwangulio mara moja kila upande na uzungushe, usirudie palepale. Ya pili ni mbegu zilizopondwa, hasa kwa wanaotia matunda nzima kwenye blenda. Ya tatu ni juisi ya chungwa iliyokamuliwa asubuhi ikatumika jioni: juisi ya machungwa inaweza kuingia uchungu ikikaa tu. Kamua unapotaka kutumia.

Rangi isikudanganye. Machungwa ya Muheza yanaiva ganda likiwa bado la kijani, kwa kuwa usiku wa pwani hauna baridi ya kuligeuza manjano. Ganda lile la kijani linafaa kukwanguliwa, na harufu yake haina mpinzani. Lioshe vizuri kwanza kwa maji ya uvuguvugu, likauke.

Ndani ni mboga tu, limau halisikiki

Hapa wengi wanaongeza maji ya limau, yaani wanarudi kwenye tatizo la kwanza kwa mlango wa nyuma. Ladha ya limau ni vitu viwili tofauti. Harufu imo kwenye ganda, ukali umo kwenye maji, na kila kimoja kina adui wake.

Adui wa harufu ni kuachwa peke yake. Changanya ganda lililokwanguliwa na sukari yote ya keki, uisugue kwa vidole dakika mbili. Sukari inalowa kidogo, inabadilika rangi, na jiko zima linanukia. Mafuta ya ganda yameshikwa na sukari na baadaye yataingia kwenye mafuta ya alizeti, badala ya kuruka hewani. Ukitupia ganda mwishoni juu ya unga, nusu ya kazi yako wanaifaidi majirani.

Adui wa ukali ni beking soda. Vijiko vikubwa vitatu vya maji ya limau vina tindikali kama gramu mbili na kitu. Robo kijiko cha chai cha soda, yaani gramu moja na ushee, hula sehemu yake na kuacha nyingine, hivyo ukali unabaki. Kijiko kizima, karibu gramu 5, kinaimaliza tindikali yote na bado chenyewe kinabaki. Ndipo mtu anasema keki ina ladha ya sabuni. Chungwa sasa: juisi yake ina tindikali chache mno, kama asilimia moja. Kwa vijiko vitatu vya juisi ya chungwa, hata ile robo kijiko imezidi. Ukioka kwa machungwa, acha soda kabisa, beking pauda inatosha, na kamulia ndimu moja kuyapa uhai.

Ukali zaidi usiutafute ndani ya mchanganyiko. Utie baada ya kuoka: maji ya limau vijiko vitatu na sukari vijiko vitatu, koroga iyeyuke juu ya moto mdogo, choma keki ya moto vitundu kwa kijiti, upake kwa brashi kidogo kidogo. Tia mara tatu kwa vipindi, siyo kuimimina yote kwa pamoja.

Rangi za ajabu

Mteja anakata keki ya karoti, anakutazama: "Dada, mbona ndani ina ukungu?" Anaonyesha nyuzi za kijani, pengine kijani cha kuelekea buluu. Si ukungu. Karoti ina kemikali asilia iitwayo asidi ya klorojeni, ambayo ikikutana na soda iliyozidi hugeuka kijani, na mara nyingi rangi inajitokeza keki ikishalala usiku mmoja. Mbegu za alizeti hufanya vivyo hivyo, nazo kwa nguvu zaidi. Haidhuru mlaji, ila kumweleza hivyo mtu aliyeshalipa ni kazi. Punguza soda, au ichekeche vizuri: mabonge madogo ya soda ndiyo huacha madoa ya kijani hapa na pale hata kama kipimo kilikuwa sahihi.

Ganda la ndimu huingia oveni likiwa kijani kibichi, likatoka rangi ya majani makavu. Tindikali na joto ndivyo vinavyoua ule ukijani. Hakuna dawa, kwangulia kidogo juu ikishapoa kama unataka uonekane.

Bitiruti: usitegemee keki ya waridi. Rangi yake haipendi joto wala soda. Ukitumia maji ya limau, ukaacha soda na usizidishe muda wa kuoka, utabaki na wekundu kiasi. Zaidi ya hapo ni kahawia.

Ngumu, ina vijitundu virefu ndani

Umekoroga mno. Unga ukishaingia, mwiko mara kumi hadi kumi na tano, na vidoa viwili vitatu vya unga vinaruhusiwa. Mboga iingie na unga, isisubiri mwisho, usije ukalazimika kukoroga upya kwa ajili yake.

Urembo wa juu unatiririka, na siku ya tatu kuna ukungu wa kweli

Sukari ya unga na maji ya limau kwenye hewa ya Dar haikauki kama kwenye picha. Ifanye nzito, kijiko kidondoshe utepe unaokaa sekunde kumi kabla ya kuzama, na uimimine keki ikiwa baridi kabisa. Utepe ukizama ndani ya sekunde tatu, ongeza sukari. Hata hivyo itabaki inanata, na ukiifunga kwa plastiki italowa tena. Kwa oda ya kusafirishwa kwenye bodaboda mimi naona ile sharubati ya limau na sukari ya kupaka kwa brashi inatosha, urembo uachwe.

Kuhusu kukaa: keki hii ina unyevu mwingi na haipaswi kuwekwa kabatini zaidi ya siku mbili miezi ya joto. Usiifunge ikiwa na vuguvugu, hata kama mteja yuko mlangoni, maana matone yatakayoganda ndani ya mfuko ndiyo mwanzo wa ukungu. Isubiri saa mbili au zaidi juu ya waya, mpaka chini pasipate joto mkononi. Kwenye friji inafika siku nne au tano. Itoe nusu saa kabla ya kula, kwa sababu ikiwa baridi harufu ya limau inalala. Kwenye friza, ikiwa imekatwa vipande na kila kimoja kimefungwa peke yake, inakaa miezi miwili bila shida, na kipande kimoja kinayeyuka wakati chai inachemka. Ukungu ukionekana hata pembeni tu, usikate pale ukala kwingine. Keki laini namna hii nyuzi zake hupenya mbali kuliko jicho linavyoona, kwa hiyo tupa yote.